Tunda Lisilofika Kariakoo

Mazungumzo ya leo yanahusu mti mdogo wa matunda, mti wa asili wa miteremko ya milima, ambao hauna kimo cha kujivunia wala mbao za kuuzwa, na ambao mpita njia asiyeujua anaweza kuupita msituni bila kugeuza shingo, lakini ambao mbegu zake huchemshwa kila siku, alfajiri na jioni, katika mitaa ya Kariakoo. Mti huo ni mbuni, tunda lake ni buni, na kinywaji kinachopatikana kwa kuikaanga, kuitwanga na kuichemsha mbegu ya tunda hilo ni kahawa. Jambo ambalo msikilizaji anaombwa alishike tangu sasa, kwa kuwa litarudiwa, ni kwamba kahawa ilikuwa tunda la porini kabla haijawa kinywaji cha mjini, na kwamba pori hilo bado linahitajika leo kama lilivyohitajika zamani.

Ni nani katika jiji la Dar es Salaam asiyeutambua mlio wa vikombe vya muuza kahawa? Huyo ni mtu anayebeba birika lililokaa juu ya jiko dogo la mkaa, ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe, na pengine chombo cha kashata za karanga au za nazi, kwa sababu kahawa ya birika hunywewa chungu, bila sukari, na utamu wake huachiwa kashata. Katika vijiwe vya Mtaa wa Msimbazi, ambako ndiko makao ya klabu ya Simba, na kuelekea Jangwani walipo watani wao wa Yanga, watu wa kila kazi hukaa kwenye mabenchi, wakapokezana vikombe vidogo, wakabishana kuhusu usajili, bei za bidhaa na mambo ya nchi, na hakuna anayeona ajabu kwamba mwenye ghorofa na msukuma mkokoteni wamekaa benchi moja. Watafiti wa siasa wangejifunza mengi hapo kwa gharama ndogo sana. Hata hivyo, ni wangapi kati ya wanywaji hao waliopata kuliona tunda lenyewe likiwa mtini, jekundu na bichi, na ni wangapi wanaojua kwamba lina nyama tamu inayoweza kuliwa?

Swali hilo halikusudiwi kumdharau mtu. Soko la Kariakoo, ambalo jengo lake kuu lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, limezoea kupokea karibu kila tunda la nchi hii: machungwa ya Muheza, mananasi ya Kiwangwa, zabibu za Dodoma, plamsi na peasi za Lushoto, pamoja na matunda ya porini kama ubuyu na ukwaju, na hata baada ya moto wa Julai 2021 kuliunguza jengo hilo, biashara ya mitaa inayolizunguka haikufa. Buni mbichi ndiyo isiyofika. Sababu zake ni za kawaida kabisa: nyama ya tunda hilo ni nyembamba, kiasi cha utando wenye ute mtamu uliobanwa kati ya ganda na mbegu, na tunda likishaiva na kuchumwa huanza kuchacha upesi, ndiyo maana mkulima anayeandaa kahawa kwa njia ya maji hulazimika kulimenya siku ile ile ya kuvuna. Kinachosafiri hadi mjini ni mbegu iliyokauka. Tunda hubaki mlimani.

Sasa na utazamwe mti wenyewe. Mbuni wa aina inayoitwa arabika, ambayo ndiyo hasa kahawa ya milimani, ukiachwa ukue porini bila kupunguzwa matawi hufikia mita chache tu, ukiishi chini ya kivuli cha miti mirefu, katika hali ya ubaridi na unyevu, kwa kawaida kwenye miinuko inayozidi mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Maua yake ni meupe na yana harufu inayokaribia ile ya asumini, na huchanua kwa pamoja baada ya mvua, hata mti ukaonekana umefunikwa nyeupe kwa siku mbili tatu kabla ya maua hayo kunyauka. Tunda huchukua miezi saba hadi tisa kukomaa, likianza kijani na kuishia jekundu, na katika mibuni ya aina fulani likaishia manjano. Ndani yake hukaa mbegu mbili zilizoelekezana kwa upande wake bapa. Ndege na nyani huvutwa na rangi na utamu wa ganda, wakala, wakazitupa mbegu mbali na mti mama, na hivyo ndivyo msitu unavyojipanda wenyewe. Mbegu na majani vina kafeini, yaani kemikali ile ile inayomfanya mnywaji akeshe, ambayo kwa mti ni silaha dhidi ya wadudu.

Je, nyumbani kwake ni wapi? Kutokana na jina lake la kitaalamu, ambalo mwanasayansi Linnaeus wa Sweden alilichapisha mwaka 1753, mtu angedhani kwamba arabika ilitoka Uarabuni. Lakini Uarabuni, na hasa Yemen, ndiko ilikolimwa na kugeuzwa kuwa kinywaji cha usiku wa ibada miongoni mwa masufi wa karne ya 15. Misitu ambamo mti huu umeota wenyewe iko upande wetu wa Bahari ya Shamu: kusini-magharibi mwa Ethiopia katika maeneo kama Kaffa, kwenye uwanda wa juu wa Boma nchini Sudan Kusini, na katika mlima Marsabit ulio kaskazini mwa Kenya. Arabika yenyewe ni chotara, maana yake ilizaliwa kutokana na aina mbili tofauti za mbuni zilizochanganyika zenyewe porini, zamani mno kabla ya mkulima yeyote. Mzazi mmoja ni robusta, mbuni wa misitu ya chini yenye joto ya Afrika ya Kati na Magharibi hadi Uganda na Kagera. Mzazi wa pili ni mbuni mwembamba wenye kafeini kidogo, ujulikanao kitaalamu kama Coffea eugenioides, ambao huota pia katika misitu ya magharibi mwa Tanzania.

Hapa inafaa kutua kidogo kwa Wahaya wa Kagera, kwa sababu wao hawakungoja birika wala kashata ili waithamini buni. Muda mrefu kabla ya wamisionari na wakoloni kufika Bukoba, tunda la robusta lilichumwa, likachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, likakaushwa na kuwekwa akiba ili litafunwe. Mgeni akibisha hodi, alikaribishwa kwa buni za kutafuna kabla ya mazungumzo. Katika Buhaya na Buganda buni ilitumiwa pia kufunga udugu wa damu, ambapo watu wawili waligawana mbegu mbili za tunda moja, kila mmoja akila mbegu iliyopakwa damu ya mwenzake, na kuanzia hapo wakahesabiana kuwa ndugu wa tumbo moja. Huko Yemen nako, wakati mbegu zinapouzwa nje, maganda makavu ya tunda huchemshwa pamoja na tangawizi, na kinywaji hicho, kiitwacho kishri, kina wapenzi wake hadi leo. Kwa hiyo wapo watu wanaolijua tunda zima. Ni mnywaji wa mjini, wa Kariakoo na wa London vilevile, ndiye aliyezoea kukutana na mbegu peke yake, tena ikiwa imeshaungua na kuwa nyeusi.

Msikilizaji anaweza kuuliza: ikiwa mibuni imejaa mashambani Kilimanjaro, Mbeya, Mbinga na kwingineko, kwa nini mtu ahangaike na mibuni michache ya msituni? Jibu liko katika safari iliyofanywa na mbegu. Arabika iliyosambaa duniani ilitoka katika mbegu chache zilizochukuliwa Yemen, na Yemen yenyewe ilikuwa imepata sehemu ndogo tu ya utajiri wa misitu ya Ethiopia. Tawi moja la safari hiyo lilipita kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, ambako Wafaransa walipanda mbegu kutoka Yemen mwanzoni mwa karne ya 18. Na mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakaileta kahawa ya Bourbon katika pwani yetu, kisha mwishoni mwa karne hiyo ikapandwa kwenye misheni yao ya Kilema, Kilimanjaro. Hivyo mashamba makubwa yakawa kama ukoo mpana uliotokana na babu mmoja: watu ni wengi, lakini ugonjwa unaomlaza mmoja unaweza kuwalaza wote.

Na magonjwa yalikuja. Wa kwanza ni kutu ya majani, unaoletwa na kuvu, yaani kimelea cha jamii ya ukungu, kinachoacha vumbi la rangi ya chungwa chini ya jani hadi jani linapukutika. Ugonjwa huo ulionekana Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, mwaka 1869, na katika muda mfupi ukawalazimisha wakulima wa kisiwa hicho kuiacha kahawa na kugeukia chai. Wa pili ni chulebuni, kuvu nyingine inayoozesha tunda likiwa bado changa, ambayo ilitambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922 na ambayo wakulima wa Kilimanjaro wanaifahamu kuliko wanavyopenda. Dawa za kunyunyizia zipo, lakini ni ghali, na mkulima mwenye ekari moja akishazinunua hubakiwa na faida ndogo.

Msaada ulitoka porini. Katika mwanzo wa miaka ya 1940 mbegu zilikusanywa kutoka mibuni ya mwitu ya uwanda wa Boma, na uzao wake, unaojulikana kwa jina la Rume Sudan, ukagunduliwa kuwa na uwezo wa kuihimili chulebuni. Watafiti wa Kenya wakautumia katika kuunda aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Kwa upande wa kutu, kinga kubwa ilipatikana kutoka kwa chotara wa arabika na robusta aliyejitokeza mwenyewe katika shamba moja la kisiwa cha Timor. Leo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao yake Lyamungo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huwagawia wakulima miche ya vikonyo, yaani miche inayooteshwa kutokana na vipande vya mti mama badala ya mbegu, ambayo inastahimili magonjwa yote mawili. Kinga hiyo haikutoka kwenye kiwanda cha dawa. Iliokotwa katika mibuni ambayo wakulima wa Bourbon hawakuwahi kuiona.

Lyamungo ina kisa kingine ambacho ni nadra kusikika hata miongoni mwa Watanzania wanaojisifu kwa kahawa yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mbegu za mbuni wa porini zilichukuliwa kutoka milima ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, karibu na mahali paitwapo Gesha, zikapelekwa Kenya, na mwaka 1936 zikafika Lyamungo. Lengo la watafiti halikuwa ladha. Walikuwa wakitafuta kinga dhidi ya kutu. Mwaka 1953 mbegu zilizotoka Lyamungo zikavushwa bahari hadi kituo cha utafiti cha Turrialba, Costa Rica, kisha katika miaka ya 1960 zikaingia Panama, ambako wakulima hawakuzipenda sana kwa kuwa mti wake huzaa kidogo. Ilipofika mwaka 2004, kahawa hiyo, ikiitwa Geisha, ilishinda mashindano ya Panama kwa harufu yake ya maua na ikauzwa kwa bei iliyovunja rekodi, na tangu hapo wanunuzi wa Japani, Marekani na Uarabuni wameigombania kwa bei ambazo muuza kahawa wa Kariakoo akizisikia atadhani anataniwa. Mti uliopita mikononi mwa watafiti wa Tanganyika ukaenda kumtajirisha mwingine; lawama si ya mtu, kwani wakati ule hakuna aliyeuliza kahawa ina harufu gani ilimradi iwe na afya, lakini inatia uchungu kidogo.

Basi jambo lililosemwa mwanzoni na lirudiwe: pori bado linahitajika. Na pori hilo haliko Ethiopia peke yake. Dunia ina aina zaidi ya 120 za mibuni ya mwitu, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ulionyesha kwamba asilimia 60 ya aina hizo zimo hatarini kutoweka. Tanzania ina kadhaa, na nyingi ziko katika Milima ya Tao la Mashariki, safu kongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Uluguru hadi Udzungwa, ambako misitu imedumu mamilioni ya miaka kwa kunyweshwa na mawingu ya Bahari ya Hindi. Kuna mbuni unaohusishwa na Monga, huko Usambara Mashariki. Kuna wa Mufindi. Na mwaka 2004 watafiti Davis na Mvungi walizieleza aina mbili mpya kutoka milima hiyo, moja ikipewa jina kutokana na korongo la Kihansi. Katika misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya kuna hata mbuni ambao mbegu zake hazina kafeini kabisa.

Mmoja usio mbali sana na Kariakoo ni mbuni wa Kimboza. Kimboza ni msitu mdogo wa hifadhi, wa takriban hekta 400 tu, ulioko mkoani Morogoro juu ya mawe ya chokaa, pale miteremko ya Uluguru inapoanza kupanda, na ndani yake huota mbuni mdogo uliopewa jina la msitu huo. Msitu wenyewe una matatizo mawili yasiyofanana. Moja ni mti wa kigeni kutoka Marekani ya Kati na Kusini, Cedrela, ambao ulipandwa kwa nia njema ya kupata mbao kisha ukasambaa na kuisonga miti ya asili. La pili ni mjusi: Kimboza na vijisitu jirani ndiko nyumbani pekee kwa mjusi mdogo wa rangi ya buluu inayong'aa, anayeishi kwenye mikadi, na walanguzi waliokuwa wakimwinda kwa ajili ya wafugaji wa Ulaya walikuwa wakiikata mikadi ili kumfikia, hadi biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku. Mbuni hauwindwi na mtu. Hatari yake ni kwamba unaishi mahali ambapo kila kitu kinachouzunguka kina mwenye haja nacho.

Je, mkazi wa Dar es Salaam anahusikaje na vilima vya Morogoro? Anahusika kwa maji, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Mto Ruvu, ambao chemchemi zake ziko Uluguru. Mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka, jiji liliingia katika mgao wa maji, na wauza kahawa nao walibeba madumu kama watu wengine. Anahusika kwa umeme, kwa kuwa maji ya Kihansi yaligeuzwa kuendesha mitambo mwishoni mwa miaka ya 1990, na korongo lile lililokuwa likirushiwa manyunyu na maporomoko likakauka kiasi kwamba chura wake wa pekee alitoweka porini na kurejeshwa baadaye kutoka bustani za wanyama za Marekani. Na anahusika kwa mkaa, ule ule ulio chini ya birika, ambao hutoka katika misitu ya Pwani, Morogoro na kwingineko. Si haki kumsomea mashtaka muuza kahawa, ambaye mkaa wake wa siku nzima hauzidi makopo machache. Mashtaka yaanzie kwenye majiko ya maelfu ya nyumba ambazo hazijapewa nishati nyingine kwa bei wanayoimudu.

Huenda msikilizaji akapendekeza kwamba mbegu za mibuni hiyo zikusanywe, ziwekwe kwenye ghala la baridi kama zinavyowekwa mbegu za mtama au za ngano, ili msitu ukiisha mbegu zibaki. Kwa bahati mbaya mbuni haukubali. Mbegu yake hufa ikikaushwa mno na haivumilii kugandishwa kwa njia ya kawaida, na ndiyo maana wataalamu huihifadhi kwa kuotesha miti yenyewe katika mashamba maalumu, kama ilivyo Lyamungo na Turrialba, kazi inayodai ardhi, vibarua na fedha mwaka baada ya mwaka, na ambayo ukame au moto mmoja unaweza kuivuruga. Ghala la uhakika la mbuni ni msitu wenyewe.

Kwa msikilizaji aliyeingiwa na hamu ya kuionja buni mbivu, njia iko wazi ikiwa ana ndugu au shemeji katika nchi za kahawa. Kagera mavuno huanza mapema, kuanzia mwezi wa Mei hivi. Kilimanjaro huanza Julai na kuendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka. Lichumwe tunda lile lililo jekundu kabisa, lisafishwe, ganda libanwe kwa meno ya mbele hadi mbegu zichomoke, kisha ute wake unyonywe taratibu na mbegu zitemwe bila kuzitafuna, kwa kuwa ni ngumu. Kuagiza buni zitumwe kwa basi hakushauriwi, hata kama kondakta ni mtu wa nyumbani, kwani zitateremshwa katika kituo cha mabasi cha Mbezi zikiwa zimeshachacha. Mazungumzo ya juma lijalo, saa hii hii, yatahusu ukwaju.